Kabla ya kumrekebisha mtu: jinsi ya kuchambua tabia kwa huruma nyumbani, shuleni na kazini

Mtoto anayepiga kelele sokoni, mwanafunzi anayetoroka kipindi cha hesabu, mgonjwa asiyefika kliniki siku aliyopangiwa na mfanyakazi anayechelewa kila Jumatatu wote hupewa majina kabla hawajaulizwa swali hata moja: mtukutu, mvivu, mkaidi, mzembe. Majina hayo hayamsaidii mtu yeyote, kwa sababu hayatuelezi tabia ile huanza wakati gani, humpatia mwenyewe nini, wala sisi tufanye nini kesho asubuhi. Uchambuzi wa tabia ni elimu inayoyaweka majina hayo kando na kuangalia mambo yanayoonekana kwa macho. Nimeitumia kwa miaka kadhaa nikiwa mwalimu wa elimu maalumu hapa Mwanza, na nimewahi pia kuitumia vibaya, kwa hiyo ninaloeleza hapa ni namna ya kuitumia bila kumuumiza mtu yule yule uliyekusudia kumsaidia.

Anza na daftari la safu tatu

Chukua daftari la kawaida la shule na uugawe ukurasa kwa mistari miwili ili upate safu tatu. Katika safu ya kwanza andika kilichotangulia, katika ya pili tabia yenyewe, na katika ya tatu kilichofuata mara tu baada ya tabia, yaani ndani ya dakika moja au mbili. Tabia iandikwe kwa maneno ambayo mtu mwingine aliyesimama hapo angekubaliana nayo bila ubishi. "Alikasirika" haitoshi, lakini "aliuma kiganja cha kulia na kupiga kelele kwa dakika tatu" inatosha. Ongeza saa, mahali, watu waliokuwepo, na kama mhusika alilala na kula vizuri. Fanya hivyo kwa siku tano au sita za kawaida, na usisahau kuandika pia vipindi ambavyo ulitarajia tabia itokee lakini haikutokea, kwa maana vipindi hivyo mara nyingi ndivyo vinavyoonyesha mahali ambapo mtu huyo ametulia.

Safu ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye uzito zaidi. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuchapisha kazi zake katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba tabia hudumu kwa sababu ya yale inayoyaleta. Ukisoma safu ya tatu kwa utulivu utagundua kwamba tabia nyingi zinazotusumbua zinamletea mtu mojawapo ya mambo manne: kupata watu, kupata kitu, kuepuka jambo linalomwelemea, au kuupa mwili hisia unayoihitaji. Haya yote ni mahitaji halali. Sijawahi kukutana na mtoto ambaye haja yake, ilipofahamika, ilikuwa ya kumwaibisha mtu.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, ondoa uwezekano wa maumivu. Jino bovu, sikio linalotoa usaha, choo kigumu na minyoo vinaweza kumfanya mtoto asiyezungumza ajipige kichwa au akatae chakula, na hakuna mpango wa tabia utakaotibu sikio. Tabia ikiwa imeanza ghafla, au ikiwa ni ya kujijeruhi, zahanati au kituo cha afya kije kabla ya daftari.

Kosa nililolifanya mwaloni

Bibi mmoja anayeanika dagaa katika mwalo mmoja, yaani ufuko wa kupokelea samaki, wa wilaya ya Ilemela alinijia na mjukuu wake wa miaka sita, mtoto mwenye usonji ambaye hakuwa akizungumza. Kila siku jua likishapanda, mtoto aliuma kiganja chake na kupiga kelele mpaka wanunuzi wakageuka. Majirani wa vichanjani walikuwa na maelezo mawili: wengine walisema amedekezwa, wengine walisema amechezewa kishirikina. Mimi nikaleta maelezo ya tatu, na niliyaleta haraka mno. Nilikaa pale asubuhi moja tu, nikaona kwamba kila mtoto anapopiga kelele bibi humwinamia na kumbembeleza, nikaamua kuwa anachotafuta ni kuangaliwa. Nikamshauri bibi asimtazame wala asimsemeshe mpaka anyamaze mwenyewe.

Siku ya tatu bibi alinionyesha mkono wa mtoto. Ngozi iliyo chini ya kidole gumba ilikuwa imechanika, alama za meno zikiwa zimepishana, mpya juu ya zile zilizoanza kukauka, na chembe za mchanga wa ufukweni zimenata ukingoni mwa kidonda. Ni jambo linalojulikana katika elimu hii kwamba tabia ikinyimwa ghafla matokeo iliyoyazoea huweza kupanda kwa nguvu kabla ya kushuka. Nililijua hilo, na kwa sababu nililijua nilikuwa nimemwambia bibi avumilie. Mtoto yule alikuwa na njia moja tu ya kusema shida yake, nami nikaifunga bila kumpa nyingine, kwa kutegemea sababu niliyoikisia.

Tulianza upya. Mjukuu mkubwa wa bibi, msichana wa darasa la sita aliyekuwa likizo, aliandika daftari kwa siku sita. Kati ya matukio 14 aliyoyaandika, 12 yalitokea muda mfupi baada ya mashine ya kusaga iliyo jirani kuwashwa, ile inayosaga dagaa wa chakula cha kuku. Safu ya tatu ilisema hivi karibu kila mara: "Bibi amembeba amempeleka kwenye mwembe nyuma ya ghala." Kubembeleza nilikokuona asubuhi ile kulikuwa mwanzo tu wa safari ya kwenda mwembeni, mahali ambapo mngurumo hausikiki sana. Mtoto alikuwa akiomba aondolewe kwenye kelele, na ombi lenyewe lilikuwa kule kuuma mkono wake.

Mpa mtu ombi jipya, kisha liheshimu

Watafiti Edward Carr na Mark Durand walieleza mwaka 1985 njia ambayo hadi leo ni mojawapo ya nguzo za kazi hii: tafuta tabia inamletea mtu nini, kisha mfundishe njia nyepesi na salama ya kuomba kitu hicho hicho. Ombi jipya lazima liwe rahisi kuliko tabia ya zamani na lijibiwe haraka kuliko ile ya zamani, la sivyo mtu hana sababu ya kuiacha ile ya zamani. Inaweza kuwa neno, ishara ya mkono, picha iliyochorwa kwenye kipande cha boksi, au kitu chochote ambacho mwili wake unaweza kukifanya hata akiwa ameshikwa na hofu.

Kwa mtoto wa mwaloni tulichagua kugusa pindo la kanga ya bibi. Tulimfundisha asubuhi, mashine ikiwa kimya, kwa sababu mtu hajifunzi kuogelea akiwa anazama. Bibi alikaa mbele, dada wa mtoto, yule msichana wa daftari, akakaa nyuma na kuuongoza mkono wake taratibu hadi kwenye kanga, na mara tu vidole vilipogusa kitambaa bibi alisema "Twende" na kuondoka naye kwenda mwembeni. Kila mara dada alipunguza kidogo msaada wake: kwanza kiganja kizima, kisha kifundo cha mkono, kisha kiwiko, mwishoni kidole tu kilichonyoosha upande wa kanga.

Siku ya kwanza mashine ilipowashwa, mtoto aligusa kanga mara 11, na mara 11 bibi aliinuka. Saa sita mchana aliniuliza kwa sauti ya kuchoka, "Mwalimu, hawa dagaa nitawageuza saa ngapi?" Nikamjibu, "Bibi, wiki hii kazi yetu ni yeye aamini kwamba kanga inasikia." Yule dada ndiye aliyegeuza dagaa wiki ile. Naliandika jambo hili wazi kwa sababu mipango mingi huvunjika hapa: tunamfundisha mtu kuomba, anaomba, halafu tunamwambia asubiri kwa kuwa tuna kazi, naye anarudi kwenye kelele kwa kuwa kelele hazikuwahi kumwangusha. Kungoja hufundishwa baadaye, imani ikishajengeka. Wiki ya pili bibi alianza kusema "Ngoja" na kuhesabu hadi 3 kabla ya kuinuka, kisha hadi 5, kisha hadi 10, akirudi nyuma kila alipoona mkono unaelekea mdomoni.

Wakati huo huo tulishughulikia safu ya kwanza. Kichanja cha bibi kilihamishiwa upande wa pili wa mwalo, na mwenye mashine, alipoombwa kwa heshima, alikubali kuinua mkono kabla ya kuwasha ili bibi apate kumwandaa mtoto. Ukiweza kubadilisha mazingira, anza na mazingira, kwa sababu mazingira hayaumii yakibadilishwa.

Historia ambayo mtumiaji wa elimu hii anapaswa kuijua

Elimu hii ina doa, na anayeificha historia yake hujiweka katika hatari ya kuirudia. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas na wenzake huko Los Angeles waliwapiga watoto wenye usonji makofi na hata kuwapa shoti za umeme ili waache tabia fulani, na bado katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1987 kofi la pajani lilikuwa miongoni mwa njia zilizotumika. Watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya aina hiyo wameeleza kwa uchungu jinsi walivyolazimishwa kutazama watu machoni na kutuliza mikono yao, mambo ambayo hayakumdhuru mtu. Malalamiko yao yanastahili kusikilizwa kama ushahidi.

Upo pia urithi mwingine ndani ya elimu hiyo hiyo. Watafiti Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley walipoeleza mwaka 1968 sifa za uchambuzi wa tabia unaotumika katika maisha ya watu, sifa ya kwanza ilikuwa kwamba tabia inayoshughulikiwa iwe na maana kwa mtu na jamii yake. Mwaka 1978 Wolf alirudi na maswali matatu ambayo mimi huyaandika kwenye jalada la ndani la kila daftari: je, lengo hili wanalitaka wale litakaowagusa? Je, njia hii inakubalika kwao? Je, matokeo yenyewe yamewaridhisha? Na mwaka 2018 Bridget Taylor, Linda LeBlanc na Melissa Nosik walichapisha majibu ya wazazi walioulizwa jinsi wataalamu wanavyowasikiliza na kuwaonea huruma, na kanuni za maadili zilizoanza kutumiwa mwaka 2022 na bodi ya Marekani inayowathibitisha wataalamu hao zinataja huruma, utu na heshima miongoni mwa misingi yake. Bodi hiyo, tangu mwaka 2023, haipokei waombaji wapya kutoka nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa hiyo mwalimu au muuguzi wa hapa asijitangaze kuwa mtaalamu aliyethibitishwa. Aseme anachokijua, na mambo yanayozidi uwezo wake, hasa ya kujijeruhi vibaya, ayapeleke hospitalini.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua tabia ya kubadilisha, jiulize inamdhuru nani. Mtoto anayepepesa mikono akifurahi hahitaji mpango wowote. Anayehitaji msaada ni mtu mzima anayeona aibu, na msaada huo ni mazungumzo.

Pipi na fimbo

Nyumbani, tabia nyingi tunazilea wenyewe bila kukusudia. Mtoto anaomba pipi dukani, unakataa, analia, unakataa tena, analia zaidi, na mara ya tano unampa ili mwondoke. Ulichomfundisha ni kwamba kulia mara tano kunalipa. Kesho ukikataa mara tano, atajaribu ya sita. Wavuvi wa ndoana wanalielewa jambo hili kuliko sisi walimu, kwa kuwa anayepata samaki mara moja katika mitupo mingi isiyohesabika ndiye mwenye subira kuliko wote: malipo yasiyotabirika huifanya tabia iwe ngumu kuacha. Njia ya upole ni kuamua kabla ya kutoka nyumbani. Kama pipi itanunuliwa, inunuliwe alipoomba kwa sauti ya kawaida, mara ya kwanza. Kama haitanunuliwa, mwambie mapema, mpe kazi ya kushika orodha au kuhesabu chenji, na akilia kaa naye na ukubali kwamba ameumia, bila kubadilisha jibu.

Kuhusu fimbo, najua kanuni za shule nchini zinairuhusu kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa viboko visivyozidi 4. Naandika hapa kama mwalimu aliyewahi kuishika. Adhabu humwonyesha mtoto asichopaswa kufanya na kumwacha bila jambo la kufanya badala yake, humfundisha kujificha, na huifanya sura ya mwalimu yenyewe kuwa kitu cha kukimbia. Lakini ipo sababu nyingine ambayo uchambuzi wa tabia huifichua vizuri, nayo inatuhusu sisi: darasa la wanafunzi 90 linapopiga kelele, fimbo huleta ukimya papo hapo, na ukimya ule ni malipo ya mwalimu. Tabia inayojengeka pale ni ya kuchapa. Jaza daftari la safu tatu juu yako mwenyewe kwa wiki moja, ukiandika kilichotangulia kila ulipoinua fimbo au sauti, na utaona saa na vipindi vinavyojirudia. Mimi niligundua kwamba nilikuwa mkali saa nane mchana, siku ambazo sikula. Kubadilisha ratiba ya chakula changu kuliwasaidia wanafunzi zaidi ya hotuba yoyote niliyowapa.

Ridhaa ya asiyezungumza

Mzazi akisaini karatasi, ametoa idhini. Mtoto mwenyewe pia ana neno katika jambo hili, hata kama hana maneno. Anayekuja mezani mwenyewe, anayenyoosha mkono kuchukua kifaa, anayetabasamu ukiingia, amekubali. Anayegeuza uso, anayekaza mabega, anayesukuma vitu taratibu kabla hajavitupa, amekataa, na kukataa kwake ni taarifa kwamba kazi ni ngumu mno, ndefu mno, au haina maana kwake. Simama, punguza, mpe chaguo la kweli kati ya mambo mawili, kisha uone. Mtoto anayeruhusiwa kuondoka hurudi, na akirudi kwa hiari hujifunza haraka kuliko aliyebanwa kitini. Lipo jambo moja tu ambalo sisubiri ridhaa yake, nalo ni usalama wa papo hapo: akikimbilia barabarani au kwenye maji marefu nitamshika, kisha baadaye nitajiuliza kwa nini mpango wangu ulimfikisha huko.

Kazini: mgonjwa asiyefika kliniki

Njia hiyo hiyo hufanya kazi kwa watu wazima, mradi tuwaheshimu kama watu wazima. Mfikirie mvuvi wa dagaa anayetumia dawa za muda mrefu na kukosa siku za kliniki. Jina lake faili limeshaandika: mzembe. Muuguzi mwenye daftari ataweka tarehe alizofika na alizokosa kando ya kalenda ya mwezi, na huenda akaona jambo ambalo kila mtu wa ziwani analijua: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na wavuvi hupumzika mwezi unapokuwa mkubwa. Tarehe zilizopangwa wakati wa giza zinamkuta kisiwani au amelala baada ya kukesha majini. Hapo kazi ni kumuuliza, "Kaka, mwezi ukiwa mkubwa unakuwa nyumbani?" na kupanga tarehe kwa kufuata jibu lake.

Kisha soma safu ya tatu. Siku aliyofika akiwa amechelewa, kilifuata nini? Kama alikaripiwa mbele ya foleni, basi kilichoadhibiwa ni kule kufika, maana kuchelewa kulikuwa kumekwisha kupita. Mpokee kwa salamu, mshukuru kwa kuja, mpe dawa zake kwanza, na swali la kuchelewa liulizwe faraghani na lisikike kama swali. Msimamizi wa kiwanda cha minofu au wa ofisi yoyote anaweza kufuata mwendo huo kwa mfanyakazi wake, akianza na usafiri, mgonjwa aliye nyumbani na mshahara uliochelewa, kabla ya kuandika barua ya onyo.

Kuihamisha tabia njema

Kilichofunzwa mahali pamoja na mtu mmoja hakihami chenyewe. Baada ya wiki saba hivi mtoto wa mwaloni alikuwa akigusa kanga na kungoja hesabu ya 20, na kidonda cha mkononi kilikuwa kimefunga. Alipoenda kumtembelea shangazi yake Igoma alirudi na alama mpya ya meno, kwa sababu shangazi hakujua maana ya kuguswa nguo, alimwondoa mkono akidhani anamchafua. Ikabidi bibi aende naye mara mbili, akae na shangazi, na kumwonyesha. Alipoanza darasa la awali tulikutana na mwalimu wake kabla ya siku ya kwanza. Mwalimu yule havai kanga shuleni, basi tukakubaliana ajitande kitambaa kiunoni kwa wiki za mwanzo, na tukamfundisha mtoto kukigusa hicho. Baadaye kitambaa kilikunjwa kikawa kidogo, kikahamishiwa kwenye kona ya meza ya mwalimu, na sasa kimebandikwa ukutani karibu na mlango, mahali ambapo mtoto yeyote wa darasa lile anaweza kukigusa akitaka kutoka kidogo nje.